Kilio cha Usiku si Kosa la Mama

Saa nane za usiku mtoto analia. Mama amekwisha kumnyonyesha, amembadilisha nguo, amembembeleza, amemtembeza chumbani kutoka ukuta hadi ukuta, na kilio hakipungui. Nyuma ya kiambaza jirani amegeuka kitandani mara mbili tatu. Asubuhi atakutana na mama huyo kisimani, na baada ya salamu atauliza, kwa sauti ya huruma iliyotiwa chumvi kidogo, kama maziwa yanamtosha mtoto. Mama mkwe naye atakumbusha kwamba yeye alilea wanane na hakuna hata mmoja aliyemkesha namna hiyo. Hakuna atakayetamka neno baya. Lakini ifikapo adhuhuri hukumu itakuwa imekwisha kutolewa, na mshitakiwa ni mmoja tu.

Methali za Kiswahili nazo zimekaa upande wa hakimu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wasema wazee. Na asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ni maneno ya hekima, na hakuna mwenye akili atakayeyatupa. Hata hivyo, mwanamke aliyezaa zaidi ya mara moja anajua jambo ambalo methali hizo hazikulitaja: wa kwanza alilala kama gogo tangu magharibi hadi alfajiri, wa pili hakujua usiku wala mchana, na mikono iliyowalea ilikuwa ile ile, maziwa yale yale, mbeleko ile ile.

Msomaji asidhani kwamba hukumu ya namna hii hutolewa visimani tu. Katika karne ya 20 ilitolewa pia katika vyuo vikuu vya Marekani, tena kwa maneno makali zaidi. John B. Watson, mmoja wa mabingwa wa elimu ya nafsi, ambayo siku hizi huitwa zaidi saikolojia, alijigamba kwamba akipewa watoto wachanga 12 wenye siha njema angeweza kumtwaa yeyote kati yao na kumfanya daktari, wakili au hata mwizi, kama apendavyo. Mwaka wa 1928 alitoa kitabu cha malezi ambamo aliwaasa mama wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto wao ovyo. Waliokuja baadaye, hasa wafuasi wa mafundisho ya Sigmund Freud, hawakukubaliana naye katika mengi, lakini katika jambo moja walikuwa kitu kimoja: mtoto akiharibika, atafutwe mama. Ama alimpenda kupita kiasi, ama hakumpenda vya kutosha. Hata usonji, hali ya ubongo ambayo haina uhusiano wowote na mapenzi ya mama, ulisemwa kuwa umetokana na ubaridi wa moyo wake. Ni vigumu kupima machozi yaliyomwagwa na wanawake waliolisadiki neno hilo.

Aliyesimama kulipinga, tena kwa ushahidi na si kwa hasira, alikuwa mwanamke: Daktari Stella Chess wa mji wa New York. Alizaliwa mjini humo mwaka wa 1914, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Urusi. Akamaliza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha New York mwaka wa 1939, kisha akachagua kutibu maradhi ya akili ya watoto. Mumewe, Alexander Thomas, alikuwa daktari wa fani iyo hiyo. Katika kazi yao ya kila siku waliona mambo yasiyoingia katika mafundisho waliyopewa. Walikutana na wazazi wapole, wenye busara, ambao mtoto wao alikuwa ametingwa na matatizo. Wakakutana na wazazi waliogombana kila siku huku mtoto wao akichanua kama ua. Walikuwa pia wazazi wenyewe, na mzazi hawezi kudanganywa na kitabu kuhusu kile anachokiona sebuleni mwake.

Mwaka wa 1956 wakaanza uchunguzi ambao haukuwa wa mwaka mmoja wala miwili. Waliwafuata watoto 133 wa New York tangu walipokuwa na miezi michache hadi walipokuwa watu wazima. Hapa ndipo penye thamani ya kazi yao. Kabla yao, wataalamu wengi walingoja mtoto augue, kisha wakamwita mama na kumwuliza mtoto alikuwaje alipokuwa mchanga. Lakini mama aliyekwisha kuingiwa na hofu hukumbuka kwa macho ya hofu; kila kikohozi cha zamani hugeuka dalili. Chess na Thomas waliandika mambo yalipokuwa yakitendeka, kabla ya yeyote kujua nani atakuja kuwa na shida na nani hatakuwa nayo. Walizungumza na wazazi kila baada ya miezi michache katika utoto mchanga, kisha kwa vipindi virefu zaidi kadiri watoto walivyokua.

Namna yao ya kuuliza yafaa kuelezwa, kwa kuwa msomaji anaweza kuijaribu nyumbani kwake bila gharama. Mama akisema kwamba mtoto aliupenda uji, hakuachiwa hapo. Alifanya nini? Alifungua kinywa kabla kijiko hakijafika? Alikitazama kijiko na kucheka? Akisema kwamba mtoto alikasirika alipoogeshwa, aliulizwa tena: alikaza mwili, alipiga mateke, alilia kwa sauti gani, na kwa muda gani? Na siku ya pili je? Na ya tano? Neno kama "mkaidi" au "mwema" halikuandikwa, kwa maana hilo ni neno la moyo wa mama, si tendo la mtoto. Baadhi ya watoto walitazamwa nyumbani pia na watu wasioyajua majibu ya wazazi, ili ionekane kama maneno na macho yanalingana.

Kutokana na rundo hilo la habari za uji, maji ya kuogea na usingizi, watafiti hao, pamoja na mwenzao Herbert Birch, walitambua mambo tisa ambayo kwayo mtoto mmoja hutofautiana na mwingine tangu mapema. Yupo asiyetulia hata akilala, na yupo unayemkuta asubuhi pale pale ulipomweka. Yupo ambaye njaa yake ina saa kama gari la moshi, na yupo ambaye leo ananyonya mara tano na kesho mara kumi. Mmoja akiona sura ngeni hunyosha mikono, mwingine huficha uso. Na kati ya hao wanaoficha uso, mmoja huzoea keshoye, mwingine baada ya mwezi. Wengine hucheka kwa kicheko cha nyumba nzima na kulia kwa kilio cha mtaa mzima, ilhali wapo wanaolia kwa kunung'unika tu. Waliangalia pia jinsi mtoto anavyosikia vitu vidogo, kama nguo yenye maji au sauti ya mlango. Kama kwa jumla ni mchangamfu au mwenye uso wa huzuni. Kama huvutwa kwa urahisi akaacha alilokuwa akilifanya. Na kama akilishika jambo hulishikilia mpaka mwisho. Haya yote kwa pamoja ndiyo hulka. Si akili ya mtoto, wala si wema wala ubaya wake. Ni namna yake ya kuupokea ulimwengu kabla ulimwengu haujamfundisha kitu.

Ndipo yakaonekana makundi matatu, ambayo baadaye yaliandikwa katika vitabu vya vyuo karibu vyote vya elimu ya watoto. Katika kila watoto 100, kama 40 walikuwa wepesi wa kulea: saa zao zinajulikana, wageni wanawapenda, uji mpya wanaumeza. Kama 10 walikuwa wagumu: hawana ratiba, hukataa kila kipya, huchelewa kuzoea, na hulia kwa nguvu. Kama 15 walikuwa wazito wa kuchangamka: hawapigi kelele, ila hujivuta pembeni mpaka wajue kwamba mahali pana salama. Mwenye kuhesabu ataona kwamba wamebaki 35. Hao hawakuingia katika kundi lolote. Walikuwa na kidogo cha huku na kidogo cha kule. Wanaoyapenda makundi husahau kuwataja hao 35, nao ni zaidi ya theluthi moja ya watoto wote.

Je, mtoto mgumu ameandikiwa kuharibika? Takwimu za mwanzo zinaogofya. Katika kundi la wagumu, 70 katika kila 100 walipata matatizo ya tabia katika utoto wao, ambapo katika kundi la wepesi walikuwa 18. Mtu mwenye haraka angefunga daftari hapo na kutangaza kwamba mti umekwisha kupinda. Lakini Bibi Chess aliwatazama wale 30 waliosalimika, na tena wale 18 ambao, kwa wepesi wao wote, hawakusalimika. Tofauti haikuwa ndani ya mtoto peke yake, wala ndani ya mama peke yake. Ilikuwa katika kuoana, au kutooana, kwa hulka ya mtoto na matakwa ya nyumba aliyozaliwa. Nyumba iliyomdai mtoto kitu ambacho hulka yake ingeweza kukitoa, hata kama ni kwa jasho, ilimkuza. Nyumba iliyomdai asichoweza ilimvunja, hata kama wazazi wake walikuwa watu wema.

Yuko mtoto mmoja katika uchunguzi huo ambaye habari zake zinalieleza jambo hili kuliko hesabu. Katika maandishi yao walimwita Carl, ambalo si jina lake la kweli. Tangu miezi ya mwanzo hadi umri wa miaka mitano alikuwa miongoni mwa wagumu kabisa kupata kuonekana: kuoga mara ya kwanza, chakula kigeni, nyumba ya wageni, siku ya kwanza ya shule, kila kimoja kilipokewa kwa mayowe na mateke. Mama yake alijiona ameshindwa. Baba yake, kinyume chake, alifurahishwa na nguvu za mwanawe. Alimwona kuwa ni mtoto mwenye mapafu na msimamo, na alimhakikishia mkewe kwamba hakuna alilokosa. Wazazi wakajifunza kungoja. Walijua kwamba la mara ya kwanza litakataliwa, na kwamba likirudiwa kwa upole, bila vita, litakubaliwa. Alipokuwa mkubwa kidogo, Carl aliomba kufundishwa piano. Mama, kwa kuwa sasa alimjua mwanawe, aliweka sharti: asiache kabla ya miezi sita. Kama ilivyotarajiwa, mtoto aliichukia piano tangu siku ya kwanza, lakini ahadi ni deni. Miezi sita ilipotimia akaulizwa kama anataka kuacha. Alishangaa kuulizwa. Alikuwa ameipenda.

Kwa kuwa familia hiyo haikuhama, Carl alikua katika mtaa mmoja na marafiki wale wale, na mambo mapya yalimjia moja moja. Ugumu wake ukasahaulika. Kisha akaenda chuo kikuu mbali na nyumbani, na huko kila kitu kilikuwa kipya kwa wakati mmoja: walimu, masomo, chumba, watu wa kulala nao chumba kimoja. Moyo wake ukaanguka. Akarudi kumwona Daktari Chess, akisema hajui limempata nini. Bibi huyo, ambaye alikuwa na maandishi ya maisha yake tangu unyonyaji, hakumpa dawa. Alimweleza jinsi alivyokuwa alipokuwa mchanga, jinsi kila jipya lilivyomtia fadhaa, na jinsi fadhaa hiyo ilivyopita kila mara alipopewa nafasi. Wakazungumza namna ya kupunguza mambo mapya na kuyapokea kidogo kidogo. Kabla ya mwaka wa masomo kwisha kijana alikuwa amekwisha kutulia. Wapo madaktari wengi wanaoweza kumwambia mgonjwa alivyo leo. Ni nadra sana kumpata anayeweza kumfungulia daftari la miaka 18.

Yafaa pia tusimame kidogo kwa baba yule, maana katika kurasa za malezi baba hutajwa kwa nadra, na akitajwa huwa ni mtoa fedha au mtoa adhabu. Huyu hakufanya kazi kubwa. Alimcheka mtoto kwa furaha pale ambapo wengine wangeona haya, na alimwambia mkewe neno moja la faraja, akalirudia kila lilipohitajika. Laiti angekaa kimya, au angeuliza kama jirani wa kisimani, huenda habari za Carl zingeandikwa katika safu nyingine.

Mwaka wa 1964 Bibi Chess aliandika makala fupi katika jarida la wataalamu, akaipa jina la Kifaransa lenye mzaha na ukali ndani yake: Mal de Mère. Anayekijua Kifaransa ataona mchezo wake. Mal de mer ni ugonjwa wa bahari, ule wa kutapika chomboni. Na mère, ambalo hutamkwa vivyo hivyo, ni mama. Alitaka kuwaambia madaktari wenzake kwamba wameshikwa na kichefuchefu cha kumlaumu mama: kila mgonjwa aingiapo wanaona chanzo kimoja tu, hata kabla hawajamsikiliza wala kumtazama mtoto. Mwaka huo huo wa 1964 ugonjwa wa rubela ulikuwa umeenea Marekani, na watoto wengi walioupata wakiwa bado tumboni walizaliwa viziwi, au wenye kasoro za macho na moyo. Bibi Chess akawachunguza watoto 243 miongoni mwao, akatoa matokeo mwaka wa 1971. Aliukuta usonji kati yao mara nyingi mno kuliko ilivyo kawaida kwa watoto wengine. Mama za watoto hao hawakuwa na mioyo baridi kuliko mama wengine wa New York. Walikuwa wameambukizwa ugonjwa wakati wa ujauzito, basi.

Haikosi kusemwa kwamba kazi ya wawili hao ilipata wakosoaji, na ukosoaji wenyewe ulikuwa na haki. Wengi wa wazazi waliohojiwa walikuwa watu wenye elimu na nafasi, wa mji mmoja. Tena, hata kwa maswali mazuri namna gani, anayesimulia bado ni mzazi. Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliamua kuwatazama watoto yeye mwenyewe katika maabara: mtoto wa miezi minne alionyeshwa vitu vya kuning'inia vyenye rangi, akasikilizishwa sauti ngeni, akanusishwa pamba yenye spiriti. Kama mmoja katika kila watano alirusha miguu, akapinda mgongo na kulia. Na watoto wa namna hiyo walikuwa na mwelekeo wa kuwa waoga wa mambo mapya baadaye. Lakini Kagan naye aliona kwamba wengi wao hawakuishia kuwa waoga kupindukia. Kwa njia nyingine kabisa, alifika karibu na pale pale.

Kuhusu ukosoaji wa kwanza, Chess na Thomas walikuwa wameusikia. Wakaongeza watoto 95 wa familia za wafanyakazi waliotoka Puerto Rico na kuishi katika mtaa wa East Harlem, New York hiyo hiyo. Katika familia za wenye nafasi, mtoto asiyelala kwa saa maalumu aliletwa kwa daktari mapema, kwa kuwa wazazi walitaka alale saa moja na nusu ya jioni, wao wakae kwa utulivu. Katika familia za Puerto Rico, mtoto alilala usingizi ulipomshika, akiwa mikononi mwa shangazi au kwenye kiti, na hakuna aliyeona ajabu. Shida ilianza alipoingia shule, kengele ilipomtaka awe macho asubuhi. Kwa upande mwingine, mtoto mwenye kupenda kukimbia hakumsumbua mtu katika nyumba yenye bustani. Lakini katika vyumba vidogo vya East Harlem, ambako barabara ilikuwa ya hatari na wazazi waliogopa kumtoa nje, mtoto yule yule alionekana mgonjwa. Hulka ni moja. Kilichobadilika ni ukubwa wa chumba.

Baada ya hapo jambo hili lilivuka bahari likafika Afrika ya Mashariki. Miaka ya 1970 mtu na mkewe, Charles Super na Sara Harkness, walikaa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis katika nyanda za magharibi za Kenya, wakilinganisha watoto wa huko na wale wa karibu na Boston, Marekani. Watoto wa Marekani walipofika miezi minne walikuwa wakilala kama saa nane mfululizo, na aliyekataa alikuwa tatizo la nyumba nzima, maana asubuhi saa ya ukutani haimngoji mtu. Wa Kokwet waliendelea kuamka usiku kwa miezi mingi. Wakiamka walilikuta titi ubavuni, wakanyonya, mama akiwa nusu macho nusu usingizini, na mchana walibebwa mgongoni na dada mdogo aliyepewa kazi ya ulezi. Hapo mtoto asiye na saa hakuwa mgumu hata kidogo. Mgumu wa Kokwet alikuwa mwingine: yule asiyekubali mgongo, au asiyetaka kuachwa na mlezi mwingine ila mama tu. Mtoto kama huyo, Boston wangemwona mwenye mapenzi na mama yake, wakamsifu.

Habari ya pili kutoka Kenya ni nzito zaidi. Daktari Marten deVries alikwenda kwa Wamaasai mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa na maswali yaliyotokana na kazi ya New York. Kutoka kundi la wachanga aliwachagua 10 waliokuwa wepesi kuliko wote na 10 waliokuwa wagumu kuliko wote. Kisha ukame ukakaza. Ng'ombe walikufa kwa wingi, maziwa yakakauka, na familia zikatawanyika kutafuta malisho. Aliporudi kuwatafuta wale watoto, aliweza kuzipata familia 13 tu. Alitazamia, kama ambavyo kila aliyesoma vitabu vya Marekani angetazamia, kwamba watoto wepesi watakuwa wameendelea vizuri. Haikuwa hivyo. Wengi wa wale wepesi walikuwa wamekufa. Wale wagumu, wenye kulia usiku kucha, wengi wao walikuwa hai.

Sababu zake hazikuwa za uchawi. Wakati wa njaa, mtoto anyamazaye hunyonyeshwa akikumbukwa, na mama mwenyewe ana njaa na kazi. Mtoto apigaye kelele hunyonyeshwa kila anapolia, na kadiri anavyonyonya ndivyo maziwa yasivyokatika. Tena Wamaasai, kama deVries alivyoeleza, hawakukichukia kilio hicho. Katika jamii iliyomtukuza shujaa, mchanga mwenye kudai haki yake kwa sauti alionekana ana dalili ya kufaa. Familia 13 ni chache mno kujengea sheria, na mwenye busara hatazifanya hesabu ya dunia. Hata hivyo, ripoti hiyo ilipotolewa mwaka wa 1984, neno "mgumu" halikuweza tena kusemwa na wataalamu kwa wepesi ule wa zamani. Kilio kile kile ambacho huko New York kingempeleka mama kwa daktari, katika boma la Wamaasai kilikuwa uhai wa mtoto.

Daktari Thomas alifariki mwaka wa 2003. Bibi Chess aliendelea na kazi ya kufundisha hata alipovuka umri wa miaka 90, akafariki mwezi wa Machi, 2007. Katika kitabu walichokuwa wamekitoa mwaka wa 1965 kwa ajili ya wazazi, pamoja na Birch, ushauri ulikuwa wa kinyumbani kabisa. Mama wa mtoto mgumu naye ni mtu na huchoka. Apokewe mtoto jioni moja moja apate kutoka au kulala, na asione kwamba amemsaliti. Chakula kigeni kitolewe kidogo, kikikataliwa kiondolewe bila ugomvi, kirudi siku nyingine. Mtoto mwenye mwendo mwingi asitazamiwe kukaa kimya safari nzima. Gari lisimame, akimbie, apande tena.

Na yule mzito wa kuchangamka, ambaye walimu humwita mjinga na jamaa humwita mwoga, asisukumwe katikati ya wenzake siku ya kwanza ya shule ya vidudu. Mama akae naye kitambo, siku ya pili kidogo, ya tatu kidogo zaidi ya hapo. Mtoto atasimama ukutani, kidole mdomoni, akitazama. Mwalimu ataona kwamba hafanyi kitu. Siku zitapita, juma litapita, pengine mawili, naye yuko pale pale ukutani, macho yake yakienda na kurudi pamoja na mpira. Kisha asubuhi moja, bila kuambiwa na mtu, mpira utakapodondoka karibu na miguu yake, atauokota, atautazama, na kuurusha.